King'ora Kisichotakiwa Kulia

Rusmala hakuwa mtu wa hasira za haraka. Hivyo ndivyo alivyojiona mwenyewe. Mumewe Syahrani alikuwa na maoni mengine, na majirani zao wa kando ya Mto Mentaya, pale Sampit, walikuwa nusu huku nusu kule. Ila wote walikubaliana jambo moja: ukimwona Mama Maulida, kama walivyomwita, juu ya ngazi ameuma skrubu kwa meno, mpite kimya.

Ngazi hiyo hakuzaliwa nayo. Alikuwa mshonaji wa nguo za maharusi, ana cherehani yake na wateja wake, na mambo ya kufunga alamu za wezi yalikuwa ya mume. Kisha Syahrani akaanguka kutoka paa la ghala la mawese, mgongo ukaumia mahali pabaya, na daktari akamwambia wazi kwamba kupanda kwake kumekwisha. Kazi zilizoahidiwa zilikuwa bado zinangoja. Rusmala akapanda ya kwanza, mume akimwelekeza kutoka chini. Akapanda ya pili. Kufika mwisho wa mwaka cherehani ilikuwa imefunikwa shuka, na yeye amegundua kwamba anapenda juu. Juu kuna upepo, mtu anaona mapaa na mto, na vidole vilivyozoea kutunga uzi kwenye sindano havisumbuliwi na waya mwembamba. Asichokipenda ni sauti ya kutoka chini. Syahrani alikatazwa kupanda, hakukatazwa kusema.

Basi kazi ya Haji Asran iliwaangukia wote wawili, mmoja juu na mmoja chini.

Haji alikuwa na nyumba ya ndege nyuma ya nyumba yake ya kuishi, jengo la ghorofa tatu lisilo na dirisha hata moja, ila tundu pana juu mbele, ambamo mbayuwayu huingia jioni na kutoka alfajiri. Humo ndani hujenga viota kwa mate yao, na viota hivyo Wachina hununua kwa bei ya kushangaza wakapikie supu. Wiki chache kabla ya Mfungo, wezi walitoboa ukuta wa nyuma wakabandua kila kiota walichokifikia, vyenye mayai na vyenye makinda. Makinda wakawamwaga sakafuni. Haji aliwakuta asubuhi. Watu husema alilia kuliko alivyomlilia mama mkwe wake, naye hajawahi kukanusha.

Kazi ya ndani, iliyoanza kabla Mfungo haujaingia, ilikwenda vizuri. Rusmala alifunga sumaku milangoni na vifaa vya kuhisi mtikisiko kwenye kuta, kwa kuwa huwezi kuweka jicho la kuona mwendo mahali ambapo kila kiumbe kinaruka. Boksi kuu la alamu likakaa sebuleni kwa Haji, karibu na televisheni. Kikabaki king'ora cha nje: boksi jeupe la plastiki, ukubwa wa sinia ya chai, lenye spika tumboni, taa ya kumetameta usoni, na betri yake lenyewe.

"Tunakiweka wapi, Mama Maulida?" Haji akauliza.

"Juu pale mbele, chini ya paa. Mwizi hakifikii, na sauti inafika mpaka barabarani."

Haji akatoa simu. "Ngoja nimuulize Mwalimu."

Huyu Mwalimu alikuwa Jumri, mtaalamu wa ndege, anayeishi mji mwingine, Pangkalan Bun. Hapo Sampit hakuna aliyewahi kumwona akiingia ndani ya nyumba ya ndege, lakini sauti yake ilijulikana kila ua, maana wenye ndege walimpigia hata paka akikohoa. Haji akaiweka simu kwenye spika.

"Mbele?" Jumri akasema. "Mbele ndiyo njia yao, Haji. Wewe mtu akikujengea choo mlangoni utaingia kulala? Wekeni nyuma."

"Nyuma ndipo walipotoboa," Rusmala akasema, akiinamia simu. "Mtu akipanda ngazi huko hakuna wa kumwona. Anakifunika blanketi, mchezo umekwisha."

"Huyo anayesema ni nani?"

"Fundi," akajibu Haji.

"Fundi mwanamke?"

"Fundi ni fundi," Syahrani akadakia, na kwa mara ya kwanza siku hiyo Rusmala akafurahi kuwa na mume.

Baada ya maneno mengi wakakubaliana ubavuni, usawa wa ghorofa ya pili. Haji akaleta taulo. Alitaka drili ivikwe taulo isipige kelele, na Rusmala atoboe kabla ya adhuhuri tu, kwa sababu ingawa ndege wakubwa wako nje wanatafuta wadudu, makinda wako ndani na wana masikio. Rusmala akaivika drili taulo. Ikapata joto, taulo likanuka kuungua, akalivua nusu, akamaliza matundu manne, akayapuliza vumbi, akapigilia vipande vya plastiki vya kushikia skrubu. Ndipo simu ikalia.

Jumri alikuwa amefikiri. Ubavu huo ndio ndege huuzunguka kabla ya kuingia. Kisogezwe upande wa kona, na kishuke kidogo.

"Amefikiri," Rusmala akarudia kutoka juu ya ngazi.

"Mwalimu akifikiri huwa ana sababu, mama," Haji akasema kwa upole. Upole ule ndio uliomkera zaidi. Mtu anayekufokea unaweza kumfokea. Haji alikuwa anaomba, mikono ameifumbata kama aliye msibani.

Akahamisha ngazi. Tundu la kwanza la mahali papya likakutana na chuma ndani ya ukuta, drili ikaruka, ncha ikakatika. Akabadilisha ncha, akasogea tena. Chini Syahrani alikuwa amesimama na fimbo yake, anaelekeza kama askari wa barabarani.

"Kushoto kidogo."

"Kushoto kwangu au kwako?"

"Kushoto kwa ukuta."

"Ukuta hauna kushoto, Baba Maulida."

"Kila kitu kina kushoto."

Alifikia karibu na kona, mahali ambapo aliyepiga lipu alikuwa ama mgonjwa ama mlevi, maana ukuta ulikuwa na mabonde kama godoro la zamani. Rusmala akaupapasa kwa kiganja, akajua palepale kwamba pana shida. Mgongoni mwa king'ora kuna kiswichi kidogo chenye springi. Boksi likibana vizuri, ukuta unaikandamiza springi, na king'ora kinanyamaza. Mwizi akilibandua, springi inafyatuka, na king'ora kinalia kwa betri yake hata kama nyaya zote zimekatwa. Sasa bonde lilikuwa palepale springi inapogusa. Dawa yake ni rahisi: unakata kipande cha mpira, unakigundisha bondeni. Mpira ulikuwa kwenye mkoba wa pikipiki, chini, ng'ambo ya ua.

Kwanza akamaliza nyaya. Akazipitisha ndani ya bomba, akaacha mkunjo wa kuning'inia ili maji ya mvua yadondoke yasifuate waya mpaka ndani, akabana kila waya kwenye skrubu yake. Haji alitaka kuelewa, basi akamweleza huku anafanya. Waya mbili zinaleta umeme, na umeme huo ndio unaoituliza betri ya king'ora. Ni kama mtoto aliyeshika kanga ya mama yake. Akiwa ameishika, ametulia. Mwondolee, analia.

"Na akianza kulia, unambembelezaje?" Haji akauliza.

"Unamrudishia kanga."

"Nyumba hii ina ndege, mama. Mtoto wa namna hiyo hatufai sana."

"Haji, wewe ndiye uliyeniita nikuletee king'ora."

"Nilikuita. Nataka kiwepo. Nataka wezi wakione. Lakini kulia hasa..." akaacha sentensi ijimalizie yenyewe.

Rusmala akaomba ruhusa ya kukijaribu, mlio mmoja mfupi, mchana huo ndege wakiwa hawapo. Haji akasema makinda. Rusmala akasema atakifunika kwa mto wa kulalia. Haji akampigia Jumri, na Jumri akacheka kicheko cha mtu aliyesikia mengi. Hakuna kujaribu. Je, angefyatua bunduki ndani ya chumba cha mzazi ili ajue kama inafyatuka?

Hapo ndipo maji yalipomfika Rusmala shingoni. Akaigeukia skrubu ya mfuniko, akaikaza, akaikaza tena, bisibisi ikateleza ikakwangua kichwa cha skrubu mpaka msalaba wake ukawa duara. Kutoka chini sauti ikaja.

"Springi imekaa?"

Mpira ulikuwa kwenye mkoba. Kushuka, kuvuka ua, kukata, kurudi, kufungua, kufunga, na Haji pale na simu yake, na mume pale na fimbo yake.

"Imekaa," akasema.

"Una hakika?"

"Baba Maulida, funga mdomo."

Syahrani akafunga mdomo. Aliufunga kweli, jambo ambalo mkewe angepaswa kulitilia shaka.

Jioni Bi Haji akawatandikia mkeka uani, akaleta chai na ndizi za kukaanga. Haji alikuwa amewasha boksi kuu kwa mkono wake mwenyewe na uso wake ulikuwa umekunjuka. Ndege wakaanza kurudi. Kwanza wachache juu ya minazi, kisha wengi, kisha wengi kabisa, wanazunguka juu ya jengo kama moshi unaotafuta bomba. Spika ndogo za tunduni zilikuwa zinawaita kwa milio ya wenzao. Rusmala alikuwa ameinua kikombe, na hasira yake ilikuwa inaelekea kupoa, king'ora kilipofungua koo.

Asiyewahi kukaa karibu na king'ora cha nje asidhani anajua. Sauti ile inamwingia mtu kwenye meno. Kikombe kikamponyoka. Juu, lile wingu la ndege likavutwa kama kitambaa kilichopigwa mjeledi, likapasuka, likamwagika kuelekea mtoni. Haji akasimama, akakaa, akasimama tena akakimbilia sebuleni kubonyeza namba za siri. Akabonyeza, boksi kuu likatii, likaonyesha kwamba kila kitu ni kimya. King'ora hakikutii. Springi iliyogusa ukuta kwa ncha tu ilikuwa imefyatuka, nacho kilikuwa kinalia kwa betri yake, kama kilivyotengenezwa.

Syahrani alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi. Rusmala akamshika mkanda wa suruali akamvuta nyuma, hakujali nani anaona, akapanda yeye. Kadiri alivyokaribia ndivyo sauti ilivyokuwa si sauti tena, bali kitu kinachomsukuma kifuani. Akaweka bisibisi kwenye skrubu ya mfuniko. Ikazunguka bure. Skrubu ilikuwa haina kichwa tena, na aliyeiharibu alikuwa yeye na hasira zake. Chini mumewe anapunga mkono: sukuma, au shuka, au kushoto kwa ukuta, Mungu ndiye ajuaye. Rusmala akabandika viganja vyote viwili kwenye boksi akalisukuma ukutani kwa nguvu zake zote.

Kimya.

Akapumua. Akaachia kidogo. Kikalia. Akasukuma. Kikanyamaza.

Haji akatoka mbio akaja mpaka chini ya ngazi, kofia mkononi. Hakufoka. Alinong'ona. "Hapo hapo, mama. Usitikisike. Wanarudi."

"Haji, nataka koleo niitoe betri."

"Wakishaingia. Nakuomba. Ukikiachia wakati wako tunduni hawatakuja tena maisha yao yote."

Hivyo akabaki. Springi ilikuwa katikati ya mgongo wa boksi, huwezi kuifikia bila kulibandua, na ukilibandua linalia. Akabaki amesimama kwenye ngazi, mikono imenyooka, kama mtu aliyesimamishwa na polisi. Mbu wakaipata habari hiyo upesi. Mmoja akatua kwenye kope, naye akamfukuza kwa kupepesa jicho. Begani pakaanza kuwaka. Alijilaani, akamlaani Jumri na simu yake, akailaani lipu na aliyeipiga, akarudi kujilaani tena, maana kipande cha mpira cha ukubwa wa biskuti kingemwokoa na yote hayo.

Wakarudi. Kwanza mmoja, akapita karibu na sikio lake na mlio mkavu, kama mtu anayechana kitambaa. Kisha kumi, kisha hawahesabiki. Walikuja kutoka mtoni, wakauzunguka ubavu ule, na ili waingie mbele walilazimika kuizunguka kona, na konani alikuwa yeye. Wakamzunguka. Hakuna hata mmoja aliyemgusa. Alihisi upepo wa mabawa kwenye shingo na kwenye mikono, upepo mdogo mdogo, na kwa muda fulani alisahau begani panawaka. Miaka yote hii alikuwa amewaona kutoka chini, kama vumbi angani. Hakujua kwamba wana vifua vya kijivu.

"Mama Maulida," Syahrani akasema kutoka chini kwa sauti ndogo. Alikuwa ameishika ngazi kwa mikono miwili, fimbo ameilaza chini.

"Nini?"

"Umechoka?"

"Unaonaje?"

Ndege wakapita.

"Springi haikukaa," Rusmala akasema. "Nilikudanganya."

"Najua."

"Unajuaje?"

"Niliona mwanya kutoka hapa. Unapitisha kidole."

Rusmala akaangalia chini kadiri shingo ilivyoruhusu. "Uliona mwanya. Mbona hukusema?"

"Uliniambia nifunge mdomo."

"Mchana kutwa nakuambia ufunge mdomo, hufungi. Ukafunga mara hiyo moja."

"Nilikuwa nimekasirika," Syahrani akasema. "Nami naruhusiwa."

Wakabaki hivyo, mmoja ameshika king'ora na mwingine ameshika ngazi, mpaka adhana ya magharibi ikaanza msikitini na ndege wa mwisho akaingia tunduni. Hapo Haji akampa koleo. Akaing'ang'ania ile skrubu iliyoharibika, akaizungusha kwa mkono mmoja mpaka ikakubali, akafungua mfuniko, akachomoa waya wa betri. Mikono ilipoachia ilikuwa imekufa ganzi hata hakuweza kushika ngazi vizuri, na Syahrani alimshusha kwa kumwambia ngazi moja moja, weka mguu, haya, mwingine. Mara hiyo maelekezo yake hayakumkera.

Asubuhi akarudi na mpira. Akaukata, akaugundisha bondeni, akafunga skrubu mpya, akalijaribu boksi kwa kulivuta huku na huku. Lilishika kama limeota ukutani. Sasa akamwambia Haji kwamba fundi hawezi kuondoka bila kukijaribu.

"Tulikijaribu jana," Haji akasema. "Mtaa mzima ni shahidi."

"Ile ilikuwa springi. Sijajua kama kinalia mlango ukifunguliwa."

"Mwalimu amesema nusu ya ndege watahama."

"Haji, jana uliwaona kwa macho yako wakiingia. Walinipita masikioni."

"Niliwaona," Haji akakubali. "Lakini Mwalimu ndiye anayejua."

Rusmala alitafuta neno, na kila alilolipata lilikuwa moja ambalo hawezi kumwambia mtu aliyekwenda Makka. Akakusanya vifaa vyake. Bi Haji akamfungia ndizi kwenye karatasi na kumsindikiza mpaka pikipiki, akamwambia polepole, "Huyu ndivyo alivyo, mwanangu. Hata mambo yangu humuuliza Mwalimu kwa simu."

Baada ya Idi, Rusmala alikuwa anapita njia hiyo na ngazi imefungwa ubavuni mwa pikipiki, mume nyuma amekumbatia boksi la vifaa. Akasimama. Juu ubavuni mwa nyumba ya ndege, king'ora chake kilikuwa kimevishwa mfuko wa mchele, na mdomo wa mfuko umekazwa kwa kamba ya nailoni iliyozungushwa mara nyingi.

Haji alikuwa getini, anafagia. "Nimeipunguza sauti yake tu, mama," akasema. "Na kukinga mvua, pia."

"Hata taa haionekani, Haji. Mwizi ataona mfuko wa mchele."

"Atajiuliza una nini ndani."

Mkono wa Syahrani ukamgusa mkewe begani, lile bega lililokuwa bado linauma asubuhi za baridi, akawasha pikipiki wakaondoka.

Walikuwa wanakwenda sokoni, kwa mwenye duka la dhahabu, Mchina mmoja mwembamba aitwaye Lim Siu, ambaye hakuwa na ndege wala mwalimu. Alitaka king'ora kisikike mpaka ng'ambo ya mto. Ukuta wake ulikuwa umenyooka kama kioo. Rusmala alitoboa mara moja tu, bila taulo. Syahrani akasema kushoto, mkewe akaenda kushoto, na kwa bahati kulikuwa kushoto kweli. Alipomaliza akaushika waya wa kujaribia, ule ambao ukiuchomoa king'ora kinalia.

"Kinalia sasa," akamwambia mwenye duka. "Ziba masikio."

Akauchomoa. Soko zima likageuka. Wauza samaki wakasimama, mtoto akaanza kulia mahali fulani, njiwa wakatoka juu ya paa la msikiti. Jaribio la kawaida ni pumzi mbili tatu. Rusmala akasimama pale juu ya ngazi na waya mkononi, uso umetulia.

Lim Siu akamwashiria kwa kichwa, vidole bado viko masikioni. Bado?

"Bado," Rusmala akamjibu kwa midomo tu, maana hakuna ambaye angemsikia.